Ngonjera ya Redioni

Mtu akitaja fasihi ya Ugogoni, aghalabu hukumbuka ngoma, masimulizi ya wazee na mashairi ya Mathias Mnyampala. Ni wachache wanaofikiri kuyatia katika daraja hiyo maongezi yasikikayo asubuhi na jioni katika redio za Dodoma, watangazaji wawili au watatu wakijadili habari za siku na wasikilizaji wakipiga simu kuchangia. Maongezi hayo hayaandikwi wala hayahaririwi, na kabla jua halijachwa mengi yake huwa yamekwisha sahauliwa. Hata hivyo yana umbo lake, yana adabu zake na vichekesho vyake, na yamkini yanaigusa mifuko ya watu wa nyanda za kati kuliko vitabu vingi vilivyopata kuandikwa juu yao. Jambo lenye sifa hizo linastahili uhakiki, na uhakiki wa haki hauna budi kuwa na kipimo.

Kipimo hakiko mbali. Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, mahali ambapo siku hizi ni jirani na Mji wa Serikali wa Mtumba. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 yeye na washairi wenzake wa UKUTA waliikuza ngonjera, yaani shairi la majibizano, iwe chombo cha kuufundishia umma. Na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye mwenyewe akiwa amekwisha fariki mwaka 1969. Katika ngonjera husimama mtu asiyejua, au ajuaye nusu, akakabiliana na mtu ajuaye. Hujibizana ubeti kwa ubeti mpaka mmoja akiri kwamba ameelewa. Wako waliozidharau ngonjera kwa sababu mwisho wake hujulikana tangu ubeti wa kwanza, na dharau hiyo haikosi msingi. Lakini ngonjera ina sharti moja zuri ambalo wadharau hao hawakulitazama: mtu haachi kauli yake ya kwanza bila ya kupewa sababu. Anayejua hudaiwa hoja, na asiyejua hupewa nafasi ya kuuliza.

Maongezi ya redioni juu ya mitambo mipya ya mawasiliano yana sura ya ngonjera, ila mara nyingi sharti hilo limetoka. Wote wazungumzao wana maoni, na hakuna adaiwaye sababu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo, kwa kuwa mwanzo redio haikuwa na majibizano. Utangazaji wa Tanganyika ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kwa miaka mingi sauti ilitoka pwani ikaja bara, wala haikurudi. Mwaka 1973, ambao ndio mwaka TANU ilipoamua kuhamishia makao makuu Dodoma, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu. Kilisikiliza, kikajadili, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Utaratibu ule ulikuwa na ubora ambao redio za leo zimeupoteza, kwani msikilizaji alikuwa na maandishi mkononi ya kupimia aliyoyasikia. Ulikuwa na upungufu pia: kikundi kikibisha, mbishi alisikiwa na jirani zake tu. Sheria ya Utangazaji ya 1993 iliziruhusu redio za watu binafsi, na simu ya mkononi ikafungua njia ya kurudi. Leo mchunga ng'ombe aliyetundika redio kwenye mti anaweza kumkatiza mtangazaji. Hili ni jambo kubwa, na halina budi kusifiwa kabla ya lawama zozote.

Lawama ya kwanza ni ya lugha, na inahusu neno moja. Neno hilo ni mtandao. Limetokana na kitenzi tandaa, nalo ni neno zuri, lenye picha ya kitu kilichosambaa kama utando wa buibui. Lakini katika vinywa vya wazungumzaji wa redio limebebeshwa mizigo minne. Mtu husema anatumia mtandao fulani, akikusudia kampuni ya simu. Husema hapa kijijini hakuna mtandao, akikusudia mawimbi ya mnara. Husema habari ameiona mtandaoni, akikusudia kurasa za intaneti. Husema mtandao unasumbua benki, akikusudia mashine za benki yenyewe, ambazo pengine zimeharibika kwa sababu zisizohusiana na hizo tatu za kwanza. Neno moja kuwa na maana nyingi si kosa; Kiswahili kimejaa maneno ya namna hiyo, na washairi wamekula na kunywa humo. Kosa huja pale watu wanne wanapojadiliana kwa nusu saa, kila mmoja akiwa na maana yake, na mtangazaji asimwulize hata mmoja ni mtandao upi anaousema.

Matokeo ya kosa hilo yalionekana wazi Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12 mwezi huo intaneti ilidhoofika kote Tanzania, na kwa wengine ikatoweka. Sababu yake ilikuwa chini ya bahari. Nyaya mbili kubwa, SEACOM iliyofunguliwa mwaka 2009 na EASSy iliyofuata mwaka 2010, ziliharibika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nyaya hizo ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zipitishazo mwanga. Hutia nanga Dar es Salaam, na kutoka huko mawasiliano husafiri bara kwa Mkongo wa Taifa mpaka Dodoma na kwingineko. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa na jeraha lake, kwa kuwa Februari ya mwaka huo huo nyaya kadhaa zilikatika katika Bahari ya Shamu. Kwa hiyo palikuwa na sababu, tena sababu yenye mahali na tarehe, na serikali iliitangaza.

Maoni ya watu hayakungoja tangazo. Wengine walikumbuka uchaguzi wa Oktoba 2020, ambapo baadhi ya huduma za intaneti zilizuiwa nchini, wakahukumu kwamba hili nalo ni tendo la makusudi. Wengine walizishutumu kampuni za simu kwa kuwala watu vifurushi vyao. Dhana hizi hazikuwa za kipumbavu. Aliyekwisha fungiwa mlango mara moja ana haki ya kuuliza kama umefungwa tena, na aliyenunua kifurushi cha siku saba asikitumie ana haki ya kuuliza fedha yake imekwenda wapi. Upungufu ulikuwa katika ufundi wa mazungumzo. Fikiri msikilizaji wa Kongwa apigaye simu studio kusema kwamba mtandao umekufa nchi nzima. Maneno yake yanatoka katika simu yake, yanapita katika minara, yanafika Dodoma mjini, na dakika ile ile yanasikika mpaka Bahi na Chamwino. Simu ya ndani ya nchi haina haja ya kuvuka bahari, na redio ya FM haina haja ya intaneti kumfikia aliye na kiredio cha betri. Kuwapo kwa mpigaji hewani ni hoja tosha dhidi ya kauli yake. Mtangazaji mwenye akili ya ngonjera angemwuliza: ikiwa umekufa wote, sauti yako imefikaje hapa? Hapo mazungumzo yangepata ubeti wa pili. Kipi kimekatika na kipi kimesalia? Kwa nini kimoja chahitaji bahari na kingine hakihitaji? Swali hilo lisipoulizwa, mpigaji hushukuriwa kwa mchango wake, wimbo hupigwa, na mwingine huja na dhana nyingine.

Yamkini mtu atasema kwamba haya ni maongezi ya kuburudisha tu, na kwamba kumdai mtangazaji elimu ya nyaya ni kumwonea. Utetezi huo ungekubalika kama wasikilizaji wangeyachukua kama burudani. Hawayachukui hivyo. Mfanyabiashara wa mahindi wa Kibaigwa aliyesikia kwamba mtandao umekufa anaweza kuahirisha kupiga simu ya bei, akauza kwa hasara kwa mnunuzi aliyepiga. Katika nchi ya ukame, ambamo mvua ikikosa Januari mwaka mzima umeharibika, tofauti ya bei ya gunia si jambo la mzaha.

Usajili wa laini kwa alama za vidole una somo la namna nyingine. Mwisho wa kusajili ulikuwa 31 Desemba 2019, kisha ukasogezwa mpaka 20 Januari 2020, na aliyetaka kusajili alihitaji namba ya kitambulisho cha taifa. Foleni zilikuwa ndefu, na redioni palikuwa na mabishano ya kawaida: mmoja anasema ni usalama wa wananchi, mwingine anasema ni kuchunguzana. Mabishano ya namna hiyo ni mepesi, kwa sababu pande zote mbili zinaweza kuendelea mpaka usiku bila ya kugusa ardhi. Jambo zito lilikuwa dogo zaidi. Mashine ya alama husoma mistari ya ngozi, na ngozi ya mtu aliyeshika mpini wa jembe miaka arubaini imelika. Mistari yake hafifu, mashine humkataa mwenye kidole chake. Katika jambo hili mjuzi hatoki chuoni. Bibi kizee aliyerudishwa mara tatu ndiye ajuaye, na fundi wa mashine ndiye apaswaye kuuliza. Ngonjera ya kale ilimpa ujuzi mtu mmoja tangu mwanzo, kwa kawaida msemaji wa serikali au wa chama. Na hapo ndipo redio ingeweza kuipita, kwa kuwa simu humpa kila mwenye ushahidi nafasi ya kuwa mjuzi kwa ubeti mmoja.

Kwamba jambo hilo lawezekana limekwisha onekana. Mwaka 2021 Bunge, likiwa Dodoma, lilipitisha tozo ya miamala ya simu, nayo ikaanza kukatwa 15 Julai: kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala, kwa kadiri ya fedha inayotumwa au kutolewa. Mazungumzo yaliyofuata, katika redio na vijiweni, yalikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Sababu yake si hasira peke yake, maana hasira ilikuwapo pia katika mambo mengine. Sababu ni kwamba kila mtu alikuwa na hati mkononi. Ujumbe wa simu ulimweleza ametuma kiasi gani, kampuni imechukua kiasi gani, na serikali kiasi gani. Mtu aliyewahi kununua mbuzi katika mnada wa Msalato anajua kuhesabu, na mwenye hesabu hawezi kufukuzwa kwa maneno matamu. Waliotetea tozo walilazimika kueleza fedha itajenga nini; walioipinga walilazimika kuacha kutia chumvi, kwa kuwa msikilizaji alikuwa na tarakimu zake. Septemba mwaka huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia thelathini. Lingekuwa jambo la kubahatisha kudai kwamba maongezi ya redio ndiyo yaliyoipunguza. Ila yalikuwa maongezi bora, na ubora wake ulitokana na zile tarakimu.

Tofauti kati ya mwaka 2021 na 2024, basi, haiko katika werevu wa wazungumzaji, kwa kuwa walikuwa watu wale wale. Tozo ilionekana, na waya wa bahari haukuonekana. Ndiyo maana kazi ya mtangazaji huwa nzito pale kitu kinapofichika. Mtangazaji wa Dodoma ana vipaji vingi. Ana ulimi mwepesi, anaweza kumsalimu mzee kwa mbukwenyi na kugeuka mara moja kumtania kijana kwa lugha ya mjini. Anajua kunyamaza ili kicheko kikomae. Habari za simu mpya anazisimulia vizuri, ingawa mara nyingi hazipiti bei na ukubwa wa kioo, na aliye mbali na umeme angependa kusikia kwanza betri yake hudumu saa ngapi. Anachokosa ni ule ujasiri wa kuuliza mpigaji amejuaje. Swali hilo likitoka kwa heshima, kwa mfano, mzee wangu, hilo umeliona mwenyewe au umeambiwa, halimvunjii mtu uso. Katika baraza za Ugogoni mzee huulizwa hivyo kila siku, hasa ng'ombe wakipotea.

Mtihani mwingine umekwisha fika, nao ni mgumu kuliko waya wa bahari. Habari za akili mnemba zimeingia redioni, na jina lenyewe limewapa wazungumzaji mteremko. Kwa kuwa limeitwa akili, husemwa kama mtu: limekataa, limedanganya, litachukua kazi za watu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyeliomba orodha ya vitabu vya historia ya Wagogo, likampa majina ya vitabu ambavyo havikupata kuandikwa kando ya kitabu cha Mnyampala cha mwaka 1954 ambacho kipo, angekuwa mgeni bora wa kipindi cha asubuhi kuliko mabingwa watatu. Ana karatasi mkononi, na anaweza kueleza alikwenda maktaba akakuta rafu ina kipi.