Mkono Uliofundwa na Mpingo

George Lilanga alianza kuchonga muhogo, ule ule wa kuchimba na kula. Muhogo mbichi haubishani na kisu. Unatoboa jicho, unafungua mdomo, unazungusha tumbo, na ukiharibu unachimba mwingine. Lilanga alizaliwa mwaka 1934 Kikwetu, jirani na mji wa Lindi, na huko ndiko mkono wake ulikojifunza kutafuta umbo ndani ya kitu kabla haujapewa kazi ngumu. Kazi ngumu ilikuja alipohamia kwenye mpingo.

Pwani ya Lindi ilikuwa nchi ya mkonge. Mashamba yake yaliwavuta Wamakonde wengi, wakiwemo waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kutafuta kibarua, na watu hao hawakuacha nyuma tezo zao. Walikuwa wakichonga mapiko, yaani vinyago vya kuvaa, ya ngoma za jando tangu kwa babu zao. Kwa hiyo kijana wa Kimakonde kama Lilanga aliyetaka kuchonga hakuhitaji chuo. Alihitaji mti, na mtu mzima wa kumtazama akifanya kazi.

Mti wenyewe ni mkaidi. Mpingo huchukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na hata hapo shina lake mara nyingi limepinda, lina mifereji, au lina tundu katikati. Ukiutupa majini unazama. Chini ya ganda kuna tabaka jembamba jeupe, na ndani yake ndimo ulimo ule weusi wenye zambarau kwa mbali. Mchongaji huondoa ganda na weupe kwa shoka na tezo, kisha hukaa chini, gogo akalibana kwa miguu, akaligeuza na kuligeuza tena. Anatafuta ufa uko wapi na unaelekea wapi, kwa sababu ufa asiouona leo utapita usoni mwa sanamu baada ya mwezi. Hufanya kazi kivulini, maana jua huupasua mpingo. Baada ya tezo huja patasi, baada ya patasi tupa, kisha msasa, na mwisho rangi ya viatu na kitambaa. Kuanzia tezo hadi kitambaa, kilichoondolewa hakirudi.

Uchongaji si mgeni katika ukanda huu. Kilwa Kisiwani, mafundi waliomjengea Sultani al-Hasan bin Sulaiman jumba la Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14 walichonga matumbawe. Jiwe hilo likitolewa baharini huwa laini, kisha hukauka na kuwa gumu. Fundi wa Kilwa alikimbizana na upepo, amalize nakshi kabla jiwe halijakataa chuma. Mchongaji wa mpingo hakimbizwi na kitu, lakini mti wake haukuwa laini hata siku moja. Kila tundu hulilipia kwa nguvu za bega.

Hapo ndipo inapoonekana ajabu ya mtindo wa uchongaji wa Kimakonde uitwao shetani. Samaki Likankoa, Mmakonde wa Msumbiji aliyefanyia kazi Dar es Salaam, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake katika miaka ya 1950. Sanamu ikaachiliwa kutoka kwenye umbo la binadamu: jicho moja, sikio kubwa kuliko kichwa, mkono unaotoka tumboni na kurudi mgongoni. Mtazamaji wa haraka hudhani kwamba mwili ukishapotoshwa, lolote linafaa. Kinyume chake ndicho kweli. Mkono mwembamba unaojikunja lazima ufuate mshipa wa mti, la sivyo unakatika. Tundu kati ya mkono na tumbo huchimbwa kutoka pande mbili, na pande hizo lazima zikutane.

Lilanga aliingia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 akiwa na elimu hiyo mkononi. Kazi yake ya kwanza Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, ilikuwa ulinzi. Mjomba wake, Augustino Malaba, tayari alikuwa msanii pale. Haikupita muda mrefu kabla ya watu kuona mlinzi anachonga nini, na Lilanga akahama kutoka getini akaingia karakana. Humo alikutana na batiki, ngozi ya mbuzi, chuma na rangi, akavijaribu vyote. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington.

Huko nje wengi walimjua kwa picha: mashetani yenye midomo mipana na matumbo ya kuvimba, yanacheka, yanasengenya, yanabebana, yamejazana hadi pembeni mwa turubai. Wapo waliomlinganisha na Keith Haring wa New York kwa sababu ya ule mstari mzito unaozunguka kila umbo. Mlinganisho huo unaona mstari, hauoni ulikotoka. Lilanga alichora kama mtu anayekata. Mstari wake hausiti wala haurudiwi kwa kusahihisha. Unaingia kwenye kona, unageuka na kufunga umbo kwa mkupuo mmoja. Mkono uliozoea mti usiosamehe ndio unaochora hivyo. Hata alipochonga miti laini na kuipaka rangi kali, ambayo ingeweza kuficha makosa mengi, kiungo cha bega na shingo kilikaa mahali pake chini ya rangi.

Kisukari kilimpotezea miguu, naye akaendelea na kazi akiwa amezungukwa na vijana wa karakana yake. Alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005.

Mpingo bado unakua Kilwa. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu kwa misitu vinayoisimamia vyenyewe. Sehemu ya mbao za mpingo huishia kwenye zumari za okestra za Ulaya, kwa bei ambayo mchongaji wa soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, hawezi kushindana nayo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuitazama sanamu kwa makini kabla ya kuuliza bei. Ukikutana na shetani wa Kimakonde, usianze na uso. Uso umechongwa ili ukuchekeshe. Igeuze sanamu uone mgongo, kwa sababu mchongaji mvivu huacha mgongo. Pitisha kidole kwenye tundu kati ya mkono na tumbo. Kama kingo zake ni laini hadi ndani, pale ambapo mnunuzi hatazami, basi aliyeichonga alikuwa fundi.