Bolti Iliyokatikia Ndani ya Injini: Uchambuzi wa Namna ya Kuitoa

Bolti inapokatikia ndani ya injini, hasara kubwa zaidi mara nyingi hutokea baadaye, pale fundi anapokikabili kipande kilichobaki kwa nguvu ileile ya kuzungusha iliyokwisha kuivunja bolti nzima. Uchambuzi huu unaichunguza hali inayofahamika katika gereji nyingi, yaani bolti za manifoldi ya ekzosi, ambayo ni mkusanyiko wa mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye silinda, zinapokatikia ndani ya silinda hedi ya alumini. Hoja yake ni kwamba kazi ya kwanza ni kuuvunja mshikamano kati ya bolti na tundu lake, na kuzungusha hufuata baada ya hapo.

Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wahandisi, takriban asilimia 50 ya nguvu inayotumika kukaza bolti humezwa na msuguano chini ya kichwa chake, asilimia 40 humezwa na msuguano katika hesi, yaani mitaro ya mzunguko iliyochongwa kwenye bolti na ndani ya tundu, na asilimia 10 tu ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kubana. Kutu inapoingia katika hesi, msuguano huo huongezeka sana, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichoizaa na hivyo hujibana yenyewe ndani ya mitaro. Katika hedi ya alumini tatizo huwa zito zaidi, kwani chuma na alumini vikigusana penye unyevu wa chumvi, kama ulivyo upepo wa bahari katika miji ya Mombasa, Tanga na Zanzibar, alumini ndiyo huliwa kwanza, na unga mweupe unaotokana nayo huziba nafasi yote iliyokuwapo kati ya metali hizo mbili.

Kabla ya kushika kifaa chochote, fundi hana budi kuusoma uso wa mkatiko. Bolti iliyokatika gari likiwa kazini, kwa sababu manifoldi hutanuka na kunywea kila injini inapopata moto na kupoa, huwa na uso wenye sehemu laini iliyopanuka kidogo kidogo, na kipande chake kilichobaki mara nyingi hakijashikwa sana. Bolti iliyokatika wakati wa kufunguliwa huonyesha alama za kusokotwa, na alama hizo zina maana nzito: msuguano ndani ya tundu ulizidi uwezo wa bolti yote kustahimili msokoto. Uwezo huo hubadilika kwa kipeo cha tatu cha kipenyo, kiasi kwamba kipenyo kikipungua kwa nusu, chuma cha aina ileile hubaki na moja ya nane tu ya uwezo wake. Kwa hiyo king'oleo, yaani chuma kigumu chenye meno yaliyojipinda kushoto kinachochomekwa katika tundu lililotobolewa katikati ya bolti, hakiwezi kutegemewa kuishinda bolti iliyogoma namna hiyo, kwa kuwa ni chembamba kuliko bolti yenyewe. Kikikatikia ndani, ugumu wake hukataa biti za kawaida za drili, na kazi iliyokuwa ya saa chache huhamia kwa wenye mashine maalumu.

Mshikamano huvunjwa kwa mafuta, mtikisiko na moto. Mafuta mepesi ya kupenya huhitaji muda na kurudiwa, na nyundo ndogo inayogonga uso wa bolti huzifumua nyufa ambamo mafuta huingia. Moto hufanya kazi kwa sababu alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma: joto likipanda kwa nyuzi 150 za Selsiasi, tundu la milimita 8 hutanuka kuliko bolti yake kwa takriban sehemu 13 za elfu moja za milimita, kiasi kidogo lakini kinachotosha kuupasua unga ulioganda. Tahadhari ni ya lazima, kwani alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660, na aloi za hedi chini ya hapo, bila kuwa nyekundu kwanza kama chuma, na mafuta yote ya kupenya hayana budi kufutwa kabla moto haujawashwa.

Mbinu inayojibu tatizo zima kwa pamoja ni kuchomelea nati juu ya kipande kilichobaki, hasa kinapochomoza au kinapokuwa sawa na uso wa hedi. Madini ya kuchomelea chuma hayashikamani vyema na alumini, hivyo hedi husalimika fundi akiwa makini. Joto huingia moja kwa moja katika bolti, ambayo hutanuka, huiponda kutu inayoizunguka, kisha hunywea inapopoa, na nati mpya humpa fundi mahali pa kushika spana kwa upana kamili. Huzungushwa mbele na nyuma kwa kiasi kidogo, mafuta yakiongezwa, hadi ilegee.

Kutoboa ni hatua ya mwisho, na usahihi wake huamuliwa na alama ya panchi iliyopigwa katikati kabisa, kwa kuwa chuma ni kigumu kuliko alumini na biti iliyokosea hukimbilia upande laini. Kwa bolti ya milimita 8 yenye hesi zinazoachana kwa milimita 1.25, tundu hupanuliwa kwa hatua hadi karibu na milimita 6.8, kisha mabaki ya chuma huchokolewa. Hesi zikiharibika, hukatwa upya kwa kipimo kikubwa zaidi na kuvishwa koili ya chuma kisichoshika kutu, ambayo katika alumini mara nyingi huwa imara kuliko hesi za awali.

Bolti mpya inastahili kupakwa grisi ya kuzuia kugoma, ambayo huwa na unga wa shaba au nikeli. Nguvu ya kukaza nayo hupunguzwa, kwa sababu msuguano ukishuka, sehemu kubwa zaidi ya nguvu hugeuka kuwa nguvu ya kuivuta bolti, na bolti iliyokazwa kwa kipimo cha bolti isiyo na grisi inaweza kukatika siku hiyohiyo inapofungwa.