Viini Visivyo na Kiini: Tathmini ya Istilahi za Kiswahili Mbele ya Bakteria wa Bahari

0. Utangulizi

Istilahi za sayansi katika Kiswahili hupimwa mara nyingi kwa vigezo viwili: asili ya neno na muundo wake. Huulizwa kama neno limetoka Kibantu, Kiarabu au Kiingereza, na kama viambishi vyake vimepangwa ipasavyo. Vigezo hivyo si vibaya, ila havitoshi. Katika makala haya tunapendekeza kigezo cha tatu: je, neno likitiwa katika sentensi pamoja na wenzake, linasema kweli kuhusu kitu kinachotajwa?

Ili kukijaribu kigezo hicho tumechagua uwanja mwembamba, yaani umbo la seli za bakteria wa bahari na namna wanavyodumu katika mazingira magumu. Maneno manne yatahojiwa, nayo ni yale tunayoyatumia kila siku bila kuyashuku: kijidudu, kiini, ghala na kufa.

1. Kijidudu

Neno hili limebeba udogo ndani ya viambishi vyake: ki- na -ji- mbele ya mzizi -dudu. Katika Kiswahili cha Lubumbashi kazi hiyohiyo hufanywa na ka- na tu-. Darasani huongezewa fasili iliyozoeleka, kwamba ni kiumbe asiyeonekana kwa macho.

Kwa bakteria aitwaye Prochlorococcus, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka wa 1988, udogo huo ni wa kweli. Kipenyo chake ni kama mikromita 0.6 tu, na katika mililita moja ya maji ya bahari wanaweza kupatikana zaidi ya laki moja. Tena udogo wenyewe ni mbinu ya kuishi. Seli ikiwa ndogo, eneo la utando wake huwa kubwa likilinganishwa na ujazo wake. Hivyo seli huweza kufyonza virutubishi hata katika maji ya bahari kuu ambayo ni maskini mno.

Hata hivyo fasili ya kutoonekana imekwisha kuvunjika. Mwaka wa 2022 alitangazwa Thiomargarita magnifica, bakteria wa mikoko ya Guadeloupe. Seli yake moja hufikia urefu wa sentimita 1 hivi, na mtu huiona bila hadubini.

Lakini kasoro kubwa zaidi haiko katika kipimo, iko katika hukumu iliyomo ndani ya neno. Mdudu, katika mazungumzo yetu, ni kitu cha kuuawa. Mwanafunzi anayesikia kijidudu hutafuta dawa. Sasa Prochlorococcus hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, hutoa oksijeni, na ni miongoni mwa misingi ya chakula cha bahari. Kumwita kijidudu ni kumtia hatiani kabla ya kesi kusikilizwa. Kwa hiyo tunaona bakteria, neno la mkopo lisilobeba picha wala hukumu, lafaa zaidi.

2. Kiini

Hapa tatizo ni la kimantiki. Katika lugha ya afya tunasema viini vya maradhi. Katika biolojia kiini ni ile sehemu ya seli inayohifadhi DNA ndani ya utando wake. Nao bakteria, tofauti na mimea na wanyama, hawana sehemu hiyo. Basi mwalimu akitaka kusema kweli atalazimika kutamka: «Viini hivi havina kiini.» Sentensi hiyo ni sahihi kibiolojia, ni sahihi kisarufi, na haieleweki kwa mtu yeyote. Isitoshe, kiini katika matumizi ya kawaida ni kile kilicho muhimu kupita vyote, kama katika kiini cha hoja. Mwanafunzi ataondoka akidhani bakteria ni kiumbe mtupu, aliyepungukiwa na uhai wenyewe.

Thiomargarita magnifica ameyatatanisha mambo zaidi. DNA yake haikuachwa huru ndani ya seli kama ilivyo kwa bakteria wengi. Imefungwa katika vifuko vidogo vyenye utando, ambavyo wagunduzi waliviita pepins. Msomaji wa Kongo anakitambua Kifaransa kilichomo. Pépin ni mbegu ndogo ya tunda, kama ya chungwa, ilhali noyau ni kokwa, kama ya embe, na ni kiini cha seli pia. Kwa Kifaransa, basi, jina hilo linachekesha na kufundisha kwa pamoja: bakteria huyu hana kokwa, ana mbegu. Kwa Kiswahili mchezo huo haupo, kwa sababu kiini chetu hakikutokana na tunda. Tena mbegu katika biolojia ina kazi ya uzazi, nayo ingepotosha. Mfasiri mwaminifu atauacha mchezo na kuandika vifuko vya DNA. Uaminifu kwa kitu utangulie uaminifu kwa mzaha.

3. Ghala

Mwaka wa 1997 Heide Schulz, mtafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Bremen, aliwakuta katika matope ya pwani ya Namibia bakteria weupe, waliopangika kama shanga ndani ya ute. Wakaitwa Thiomargarita namibiensis, yaani lulu ya salfa ya Namibia, na habari zao zilichapishwa mwaka wa 1999. Kwa kawaida seli moja ina kipenyo cha milimita 0.1 hadi 0.3, na kubwa kabisa hufikia 0.75. Jina ni zuri, lakini lulu ni kitu kigumu hadi ndani, na seli hii ni mfuko wa maji: vakuoli yake huchukua takriban asilimia 98 ya ujazo wote. Uhai wenyewe umebanwa katika tabaka jembamba pembezoni.

Ndani ya vakuoli hiyo bakteria huweka naitreti, kwa kiasi kinachoweza kufikia mara elfu kumi ya kilichomo katika maji ya bahari. Kishawishi cha mwandishi wa Kiswahili ni kuandika ghala la chakula na kuongeza methali akiba haiozi. Hapo atakuwa amekosea. Naitreti si chakula cha bakteria huyu. Chakula chake ni sulfidi itokayo matopeni, ambayo huiunguza kwa naitreti mahali pa oksijeni isiyopatikana huko chini. Kwa lugha nyepesi, naitreti ni pumzi. Akiba ya chakula ipo kweli, lakini ni ile salfa iliyo katika chembe ndogondogo zinazong'aa ndani ya tabaka la pembezoni, nayo ndiyo inayompa weupe wake.

Kwa hiyo picha inayofaa si ya mkulima na ghala lake, ni ya mzamiaji aliyejaza mapafu. Mawimbi yakiyatibua matope, bakteria huinuliwa katika maji yenye naitreti na kujaza tena. Yakitulia, hurudi gizani penye sulfidi na kuishi kwa alichokibeba. Katika maabara, bakteria hawa wamekutwa wangali hai baada ya zaidi ya miaka 2 bila kuongezewa naitreti wala sulfidi.

4. Kufa

Neno la mwisho linatugusa kwa karibu. Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, makao yake ya asili ni maji ya pwani na ya midomo ya mito, ambako hushikamana na kopepodi, jamaa wadogo wa kamba. Mwaka wa 1982 Rita Colwell na wenzake, huko Marekani, walionyesha kwamba katika hali ngumu bakteria huyo huweza kuacha kuota katika vyombo vya maabara ilhali yu hai. Je, tuseme amekufa? Ni uongo. Tuseme amenusurika? Kunusurika ni kuponea chupuchupu, tena kumekwisha. Tuseme anavumilia? Uvumilivu ni tabia ya mwenye nia. Tunapendekeza amelala, kwa kuwa usingizi ni hali ambayo kila mtu anajua kuwa ina kuamka.

Uteuzi huo si anasa ya wanaisimu. Kalemie na Uvira, miji inayokijua kipindupindu kwa miaka mingi, zinazungumza Kiswahili. Maji yakipimwa na kipimo kisioteshe kitu, taarifa isemayo «vijidudu vimekufa» huweza kumfanya mama akanywesha watoto maji yasiyotibiwa. Taarifa isemayo «hakuna kilichoota; huenda wamelala» itamfanya achemshe. Vilevile huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 ulionyesha kwamba kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa kulipunguza kipindupindu kwa asilimia 48. Anayedhani bakteria huelea peke yake tu ataliona jambo hilo kuwa muujiza, kwani nguo haiwezi kumzuia bakteria. Anayejua kwamba hukaa juu ya kopepodi ataelewa mara moja.

5. Hitimisho

Kutokana na mifano hii tunapata kanuni moja. Neno la Kiswahili lenye picha ya kweli, kama kulala, lipewe nafasi ya kwanza. Pale ambapo picha ni ya uongo, kama katika kijidudu na ghala la chakula, heri mkopo mkavu au maelezo marefu kidogo. Katika vyuo vyetu sayansi hufundishwa kwa Kifaransa, na Kiswahili huachiwa kazi ya kuifafanua nyumbani, sokoni na zahanatini. Kazi hiyo huitwa ndogo, ingawa ndiyo inayoamua nani achemshe maji na nani asichemshe.