Sifa ya Mbwa Mbele ya Baraza

Kwa mfugaji wa Bariadi mbwa si pambo la nyumba. Huandamana na vijana machungani, humbwekea fisi anayelinyemelea zizi, na usiku wa giza ndiye wa kwanza kujua kuwa mgeni amefika. Huko pwani, ambako mate yake huhesabiwa najisi, jina lake limekuwa tusi zito. Basi mtu atakaye kumsifu mbwa mbele ya Watanzania wa pande zote mbili hana budi kuyachagua maneno yake. Ndiyo maana tumeona vema kuichungua hotuba moja ya kigeni iliyosifika sana katika jambo hili, na kuipima kwa kipimo cha mabaraza yetu.

Hotuba hiyo ilitolewa na wakili George Graham Vest mahakamani Warrensburg, katika jimbo la Missouri, Marekani, tarehe 23 Septemba 1870. Mteja wake, Charles Burden, alidai fidia ya mbwa wake wa kuwindia, jina lake Drum, aliyepigwa risasi mwaka 1869 katika shamba la shemeji yake, Leonidas Hornsby. Sehemu ya hotuba iliyohifadhiwa haigusi ushahidi hata kidogo. Vest anasema rafiki aweza kugeuka adui, watoto waweza kukosa shukrani, mali hupotea, jina jema huharibika. Kisha anamleta mbwa, alalaye kwenye baridi kando ya bwana wake aliyefilisika, na mwishoni akeshaye kaburini wakati wengine wote wamekwenda zao. Burden alishinda, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 1872.

Ustadi umo, wala hatuna haja ya kuukana. Msikilizaji anavuliwa kitu kimoja kimoja mpaka anabaki na mbwa tu. Lakini tazama sifa hii imenunuliwa kwa bei gani: ili mbwa awe mwaminifu, imebidi wanadamu wote wawe wasaliti. Vijijini Bariadi mtu akifa majirani huacha kulima wakaenda kuchimba kaburi, na wanawake huja na kuni na maji bila kuitwa. Maiti aliyebaki na mbwa peke yake hatutoi machozi kabla hatujauliza alikosana vipi na kijiji kizima.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Hornsby alikuwa mfugaji wa kondoo, na mbwa walikuwa wamemwulia kondoo wengi hata akaapa kumwua mbwa wa kwanza atakayeingia shambani mwake. Hatusemi kwamba Drum alikuwa na hatia. Twasema tu kwamba katika hotuba kondoo hawamo kabisa, na kwamba mzee wa Kisukuma aliyezoea dagashida, lile baraza la watu wote, angeuliza mara moja: na kondoo je?

Usemi wa namna hii tumewahi kuusikia wenyewe, katika mkutano wa kijiji kimoja wilayani Bariadi. Mbwa alikuwa amemwuma mtoto mguuni, na mwenye mbwa akasimama kumtetea. Alisema vizuri mno. Alieleza jinsi mbwa yule alivyomrudisha ndama aliyepotea, na jinsi alivyolala mlangoni siku zote mwenyewe alipokuwa mgonjwa. Wazee walitikisa vichwa kwa huruma, nasi (tukiri) tulikuwa miongoni mwao. Mshairi ni mtu dhaifu mbele ya maneno matamu.

Bibi mmoja hakutikisa kichwa. Aliuliza neno moja: "Amechanjwa?" Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishaonekana kwa mtu, karibu hakina kupona, na vijiji vinavyopakana na Serengeti vimeletewa chanjo ya mbwa kwa sababu ugonjwa huo si hadithi huko. Mwenye mbwa alianza tena habari ya ndama. Bibi akarudia swali lake, kwa sauti ile ile.

Hakukuwa na cheti. Jeraha lilioshwa kwa sabuni na maji mengi, mtoto akapelekwa hospitali siku ile ile kupata sindano, mbwa akafungwa chini ya mti kungoja bwana mifugo. Mwenye mbwa alikwenda kuketi karibu naye, hakusema tena.