Yai la Kasisi Msaidizi

Asomaye vitabu na magazeti ya Kiingereza hukutana na msemo "curate's egg", yaani yai la kasisi msaidizi. Hutumiwa juu ya kitabu, hotuba, sheria, au jambo lo lote ambalo mtu hawezi kusema upesi kama ni jema au ni baya. Wengi wetu tuliojifunza Kiingereza darasani twaufasiri hivi: "nusu zuri, nusu baya," kisha twaendelea na kusoma. Naona kufasiri huko kwatunyima kiini cha msemo.

Asili yake yajulikana. Tarehe 9 Novemba 1895, Punch, gazeti la mizaha la London lililoanzishwa mwaka 1841, lilitoa picha iliyochorwa na George du Maurier, na jina lake lilikuwa na maana ya Unyenyekevu wa Kweli. (Mwezi wa Mei mwaka ule ule gazeti jingine, Judy, lilikuwa limekwisha kutoa mzaha wa namna hiyo, walakini picha ya du Maurier ndiyo iliyokaa vinywani mwa watu.) Kasisi msaidizi ameketi mezani kwa Askofu wakati wa chakula cha asubuhi. Askofu amwambia kwamba achelea amepewa yai bovu. Yule kijana akana upesi, akimhakikishia mkubwa wake ya kuwa sehemu nyingine za yai lile ni nzuri sana.

Sasa, ndugu msomaji, wewe ufugaye kuku wajua mzaha ulipo. Yai viza halina upande mzima. Embe lenye doa hukatwa, ukala lililosalia. Gunia la mahindi lililoingia fukusi hupepetwa. Bali yai likiharibika limeharibika lote, wala hapana mpishi awezaye kuutenga uzuri wake. Kwa hiyo kasisi yule hakuwa akipima mema na mabaya. Alikuwa akiogopa. Kasisi msaidizi wa siku zile hakuwa na mtaa wake mwenyewe, naye alitazamia kupandishwa na wakubwa. Angethubutuje kusema kwamba meza ya Askofu ina uvundo? Hata jina la picha ni dhihaka: kinachoitwa unyenyekevu ni woga uliovikwa kanzu safi.

Basi msemo ulikuwa na makali. Ulimchoma mtu akisifuye kibovu kwa kuwa mwenye nacho ni mkubwa. Lakini leo Waingereza wengi huutumia kwa kitu chenye mema na mabaya kweli, na kamusi zao zimeikubali maana hiyo. Siwalaumu, lugha ni mali ya wenyewe, na maneno huhama kama watu wahamavyo. Hata hivyo hasara ipo, tena kubwa. Mhakiki akisema kitabu fulani ni yai la kasisi, mimi nitakaye kukinunua sijui anionya nisikiguse, au anishauri nichague sura zilizo nzuri. Na yeye mhakiki amekwisha kujificha: mwenye kitabu hakukasirika, na mimi sikusaidiwa.

Sisi walimu jambo hili latugusa, kwani tuna mayai yetu. Insha ya mtoto haina hoja hata moja, nasi twaandika chini yake, "Mwandiko mzuri." Baba yake asoma, afurahi. Ikiwa insha ina aya mbili njema na tatu mbaya, hiyo ni embe, na yatupasa kuonyesha kisu kipite wapi. Ikiwa ni viza, tuseme kwa upole kwamba ni viza, mtoto aanze upya angali na muda wa kujifunza.

Kwa mfasiri nashauri hivi: pale ambapo Mwingereza ana maana ya mchanganyiko tu, aandike wazi, "pengine pazuri, pengine pabaya," aliache yai. Pale ambapo mtu asifu kwa hofu, aisimulie hadithi yote, na Askofu wake na meza yake. Maneno manne hayatoshi. Picha yenyewe, kwa kuwa ni picha moja tu, haituonyeshi kama yule kijana alilimaliza yai lake.