Usisifie Gemu kwa Kung'aa

Tangu Apple ifungulie emuleta (programu za kuchezea gemu za zamani) duka lake Aprili 2024 na moja iitwayo Delta ikaingia, kila mwenye iPhone hapa Minneapolis na Saint Paul amekuwa mjuzi. Kwenye mikusanyiko yetu ya Brooklyn Park simu inapitishwa mkono kwa mkono: Mario kavutwa akajaza kioo chote, kanenepa, nukta zimelainishwa mpaka zimeyeyukiana, na watu wanashangilia. "Safi kuliko ya zamani!" Si safi hata kidogo. Picha ya NES, mashine ya gemu hiyo ya Mario, ni nukta 256 kwa 240, imechorwa kwa ajili ya TV ya chogo. Acha weusi pembeni, nukta zionekane. Hilo halina mjadala.

Lakini picha ni jambo dogo. Kinachowapita wote ni kuchelewa. Gemu hizi zinakwenda fremu 60 kwa sekunde. Kila fremu ni milisekunde 16 na ushei. Kidole kiguse, emuleta isome, kioo kionyeshe: fremu kadhaa zimeshapotea, na Mario yuko shimoni. Ukivaa hedifoni za Bluetooth ndiyo balaa, sauti ya kuruka inafika yeye keshapaa.

Kuna fundi mmoja hapa, mzaliwa wa Mombasa. Ukimpa simu haitazami. Anafumba macho, anagusa kitufe cha kuruka mara kadhaa, anasikiliza, anakurudishia: "Inachelewa." Sijamwona akikosea. Yeye hutumia Run-Ahead ya emuleta ya RetroArch, iliyoko tangu 2018: emuleta inatangulia fremu moja kwa siri, ukibonyeza inarudi nyuma na kuhesabu upya, jibu linawahi. Weka moja, mbili basi. Ukizidisha, mhusika anaanza kurukaruka vipande.

Sikio hilohilo hunasa walaghai. Mmoja alituletea video kamaliza Contra bila kufa. Kila akikaribia bosi muziki ulikatika ukadakia mdundo mwingine: alikuwa akirudi kwenye sevu kila anapokufa. Waliomshangilia walikuwa wakitazama picha tu.

Kwetu sisi wa vibanda vya gemu, pedi za waya na chogo linalochemka, kitufe na mruko vilikuwa kitu kimoja. Kioo cha simu hakishikiki, kwa hiyo nunua pedi ya kuchomeka ya USB-C. Kisha mpe mtoto aliyezaliwa huku Super Mario Bros. ya 1985. Akitumbukia shimoni bila kulalama "Lakini nilibonyeza!", mipangilio yako iko sawa.