Coltan yetu, filamu ya nani?

Neptune Frost njo filamu ya sayansi ya kubuni inayotugusa sisi wa Masisi na Walikale. Mwaka 2018 Saul Williams na Anisia Uzeyman waliwaomba mashabiki mchango kupitia Kickstarter. Hadithi yao iko Burundi, ikapigwa Rwanda, ikaonyeshwa Cannes mwaka 2021.

Mwanzo unauma: kijana anauawa kwenye mgodi wa coltan, ndugu yake Matalusa anaona. Nilikumbuka Rubaya palepale. Lakini baadaye wimbo unageuka hotuba, mchimbaji anaingia kwa wadukuzi, na hatujajua bado anakula nini wala kilo moja anaiuza bei gani. Hapo filamu inanipoteza.

Ila lawama si yao peke yao. Aliyechanga Kickstarter hapati hisa. Anatoa ili kitu anachokipenda kizaliwe. Sisi tunacheza likelemba, tunanunua mabati na pikipiki. Mzunguko mmoja tu ukienda kwenye kamera, mchimbaji wa Rubaya ao wa Bisie atajisemea mwenyewe. Nani anaanza?